Maziwa Niliyoyamwaga Ukweni

Nianze kwa kusema kwamba sikuwa mtu mbaya. Naona kila anayesimulia makosa yake huanza hivyo, basi na mimi nimeanza hivyo. Nilikuwa mwalimu wa sayansi kimu, nina miaka ishirini na sita, nina mtoto mmoja wa mwaka na miezi minne, na nilikuwa najua kila kitu. Ungeniuliza habari za vijidudu, za lishe, za kuchemsha maji, ningekujibu bila kufungua daftari. Mungu anisamehe, nilikuwa mjuaji kweli kweli.

Tulikuwa tunakaa Nyakato, kwenye nyumba za wafanyakazi. Mume wangu alikuwa fundi mitambo katika kiwanda cha nguo, na mwaka ule kiwanda kilikuwa kinangoja mwenyewe mpya. Nchi nzima ilikuwa inangoja mwenyewe mpya, ukitaka niseme kweli. Mashine zilizimwa, watu wakaambiwa waende likizo mpaka watakapoitwa. Madukani kulijaa vitu ambavyo utotoni mwetu tulivisikia tu kwa watu waliotoka Nairobi: maziwa ya unga ya kopo, sabuni za kunukia, chupa za chai zenye maua. Halafu wanaotakiwa kuvinunua ndio hao wamekaa vibarazani wanacheza bao. Mume wangu hakujua kukaa. Alitengeneza baiskeli za mtaa mzima, akamaliza, akatengeneza na redio yetu ambayo haikuwa imeharibika, ikaharibika.

"Shule zikifunga Septemba twende nyumbani," akaniambia siku moja. "Tupumzike siku kumi. Mtoto akamwone babu yake."

Nyumbani kwao ni ng'ambo, upande wa Sengerema, karibu na ziwa. Unavuka kwa kivuko, unapanda lori la wanunuzi wa pamba kama una bahati, halafu unatembea. Sikuwa nimewahi kufika. Na sababu ya kutofika naijua mwenyewe: sababu ilikuwa mimi. Mzee wake alikuwa bado katika mazungumzo na familia nyingine kuhusu binti mwingine, wa huko huko kwao, wakati kijana wake alipofunga ndoa na mimi mjini, mimi niliyezaliwa Butimba nisiyejua hata kuitikia salamu ya Kisukuma vizuri. Mume wangu aliandika barua kumweleza baba yake. Barua haikujibiwa. Mzee hakuja harusini. Miaka mitatu baba na mwana walikuwa wanatumiana salamu kupitia watu wengine, kavu kavu, mzima, mzima, basi.

Sasa kwao kulikuwa na jambo. Sijui kama ni la Wasukuma wote au la ukoo ule tu. Nimeuliza watu, wengine wanasema wanalijua, wengine wananicheka. Mjukuu akifika kwa babu yake mara ya kwanza, babu anamchagulia ng'ombe, na siku zote mtoto atakazokuwa pale atakunywa maziwa ya ng'ombe huyo asubuhi, yakiwa bado na joto la kiwele. Siku ya kuondoka babu anasimama mbele ya ndugu, anaushika mkono wa mtoto, anauweka mgongoni mwa mtamba, ng'ombe jike ambaye bado hajazaa, anatamka kwamba mtoto huyu amekunywa maziwa ya hapa, ni mtu wa hapa, na huyu ndiye ng'ombe wake. Watoto wote wa shemeji zangu walishawekwa mkono. Mume wangu alinieleza haya akiwa anafunga mizigo, uso unamwaka kama mtoto wa shule siku ya kufunga.

"Akimwekea mkono mwanangu, basi yameisha," alisema. "Ndiyo msamaha wake huo. Yule mzee hajui kusema samahani kwa mdomo."

Kwa hiyo usije ukafikiri sikujua. Nilijua kabisa kilichokuwa kinamsafirisha.

Mimi nikafunga mizigo yangu. Chupa ya chai yenye maji yaliyochemshwa, kopo kubwa la maziwa ya unga, vikombe viwili vya mtoto, chujio, limau, pakiti za chumvi za kuharisha. Unaweza kucheka. Lakini miezi mitatu kabla ya hapo ugonjwa wa kuharisha ulipita Nyakato, na mtoto wa jirani yetu, aliyekuwa akicheza na wangu kwenye mkeka mmoja, alianza Jumapili na Jumanne tukamzika. Nilimwogesha mimi yule mtoto, mama yake hakuweza. Tangu siku ile kila kitu kilichokuwa kinaingia mdomoni mwa mwanangu nilikiangalia kwanza. Kliniki walituambia, na mimi mwenyewe nilikuwa nawafundisha wasichana wa darasa la sita kwa chaki: maziwa mabichi yana magonjwa.

Tulifika alasiri, tumejaa vumbi. Mama mkwe alinipokea mtoto mgongoni kabla sijapiga magoti vizuri. Mzee alitoka zizini polepole, mrefu, mkavu, amevaa koti ambalo lilishawahi kuwa jeusi. Ujana wake aliutumia katika kinu cha kuchambulia pamba, kwa hiyo Kiswahili alikuwa nacho, ila alikitumia kwa kubana. Alimtazama mwanawe, akamtazama mtoto, akanyoosha mikono. Mtoto wangu, ambaye mjini alikuwa analia akiona hata mwenye duka, alikwenda. Akakaa kwenye mikono ile, akamshika babu yake ndevu, halafu akamkojolea koti lote.

Jamani, ile kaya ilivyolipuka kwa vigelegele! Mzee akajitazama, akasema, "Huyu tumeshaelewana." Mume wangu alicheka mpaka akageukia ukutani, na alipogeuka tena macho yalikuwa mekundu. Nikajiambia, kumbe mambo ni rahisi hivi.

Kwa upande wa mtoto ilikuwa likizo ya kweli. Alikuwa ameanza kukimbia lakini hajui kusimama, kwa hiyo alisimama kwa kugonga vitu: mtungi, mbuzi, miguu ya bibi. Kila chenye miguu minne alikiita "ngoo". Alipelekwa ziwani akaona maji yasiyo na mwisho, akayanyooshea kidole, akasema "ngoo" vile vile. Nilishinda nafukuzana naye na kitambaa cha maji, namtoa udongo mdomoni, namtoa dagaa wa kuanikwa, siku moja nilimtoa kinyesi cha mbuzi na wenzake wakagalagala kwa kucheka. Shemeji yangu mkubwa aliniambia, "Mwalimu, muache, atakufa kwa usafi." Nikacheka kwa nje.

Asubuhi ya kwanza nilisikia mtu anakohoa nje ya mlango. Baba mkwe haingii chumba cha mke wa mwanawe, wala hakai naye kuongea, ndiyo heshima yao. Alikohoa, akaweka kibuyu kidogo kizingitini, akaondoka. Mume wangu alikuwa ameshatoka na ndugu zake kwenda kuona mashamba. Nikafungua kibuyu: maziwa, yana povu, ya moto, yananuka moshi wa kile kibuyu na yananuka ng'ombe.

Mtoto akanyoosha mkono. "Ngoo," akasema.

Nikaona uso wa yule mtoto wa jirani. Nakuambia ukweli, niliuona kabisa. Nikaweka kibuyu juu, nikachanganya maziwa ya kopo na maji ya chupa, nikampa mwanangu, akanywa. Halafu nikabaki na kibuyu mkononi. Ningefanya nini? Ningechemsha. Usiniambie, najua, ningechemsha tu. Lakini jiko lilikuwa la mama mkwe, na kubandika maziwa yale motoni mbele ya watu wote ilikuwa sawa na kutangaza kwamba zizi lao ni chafu, na mimi ndiyo kwanza nimefika, mke asiyetakiwa. Nilijaribu kuyanywa mwenyewe, funda moja, nikatapika. Nikapita nyuma ya nyumba, penye ua wa minyaa, nikayamwaga. Nikasuuza kibuyu nikakirudisha kizingitini.

Mama mkwe akaniuliza, "Amekunywa?"

"Amekunywa yote, mama," nikasema.

Ukishasema hivyo mara moja, ya pili ni nyepesi. Kila asubuhi, mume wangu akishatoka na ndugu zake: kikohozi, kibuyu, kopo, minyaa. Mbwa wao mmoja akajua saa yangu kuliko mimi, akawa ananitangulia. Na kila jioni mume wangu alikuwa akimbeba mtoto kumpeleka zizini, anamwonyesha mtamba mmoja mwenye mabaka, anamwambia, "Huyo, baba, huyo hapo." Alikuwa ameshamchagua moyoni. Shemeji zangu walikuwa wakimtania kwamba mtoto wake ameanza kunenepa kwa maziwa ya nyumbani, kumbe ya mjini yalikuwa maji tu. Na yeye anaitikia, "Mmeona, eh?"

Siku ya tano nilikuwa nakoroga uji na mama mkwe. Watoto wa ile kaya, kama saba hivi, walikuwa wanapokea vikombe vyao vya uji mweupe, hauna kitu ndani. Nikauliza kwa kuzungumza tu, kwamba kwani hawa hawapendi uji wa maziwa? Mama mkwe alinitazama kama anayemweleza mtoto.

"Ni kiangazi, mwanangu. Ng'ombe wamekauka wote. Anayetoa ni mmoja tu, na anatoa kile kibuyu, basi. Mzee amesema ni cha mgeni mpaka aondoke. Hata ndama wake anamfunga kwanza."

Nikaendelea kukoroga. Na ninachotaka ukijue, maana ndicho kinachoniuma zaidi, ni kwamba siku ya sita niliyamwaga tena. Nilishajua, na niliyamwaga. Maana sasa ningeanzaje? Ningesema nini kuhusu zile siku tano? Nilikuwa naogopa kuonekana mjinga, na kwa sababu hiyo nikawa kitu kibaya zaidi.

Siku hiyo ya sita nilipoinua kichwa, mzee alikuwa amesimama upande wa pili wa ua, ameshika kamba ya ndama. Alikuwa anampeleka kwa mama yake akalambe kilichobaki. Aliangalia udongo, aliangalia mbwa, hakuniangalia mimi. Kibuyu kilikuwa bado kinadondoka mkononi mwangu. Nilipiga magoti pale pale kwenye uchafu, nikasema, "Shikamoo, baba." Hebu fikiria. Ndilo neno lililonitoka, shikamoo, kama nakutana naye njiani.

"Marahaba," akasema. Halafu akasema taratibu, bila hasira, "Kesho usimwage. Kama mtoto hanywi, niambie nisikamue. Huyu ndama anywe."

Nikaanza kueleza, mara magonjwa, mara kliniki, mara mtoto wa jirani, nalia na kueleza kwa pamoja. Alisikiliza yote. Nilipomaliza akasema, "Umeogopa kufiwa. Hilo nalielewa. Mimi nimezika wanne." Akavuta kamba, ndama akamfuata. Baada ya hatua mbili akasimama, bado hanitazami. "Haya mambo ni yangu na yako. Sitamwambia mume wako."

Asubuhi ya saba hapakuwa na kikohozi. Nilikaa kitandani nasikiliza, nikashukuru. Ndiyo, nilishukuru! Nilifikiri yameisha.

Siku ya kuondoka ndugu walikusanyika mchana uwanjani. Alipikwa sato mzima, na siku zile sato mzima haikuwa mchezo, samaki wazuri wote walikuwa wanachukuliwa na magari ya barafu wakiwa bado wanatikisa mkia. Mume wangu alikuwa amevaa shati lake la harusi. Alikuwa amemwogesha mtoto mwenyewe, akamkata kucha, akamkalisha kwenye goti. Mtamba wa mabaka alikuwa amefungwa pale karibu, sijui nani alimfunga, labda yeye mwenyewe.

Mzee aliongea habari ya mvua. Akaongea habari ya pamba, kwamba wanunuzi sasa ni wengi lakini mizani zao hazifanani. Akatuombea safari. Akatoa kuku jike na gunia dogo la michembe, vile viazi vilivyokaushwa, tupeleke mjini. Halafu akakaa.

Mume wangu aliendelea kumtazama. Watu wote waliendelea kumtazama. Mwishowe mdogo wa mzee, baba mdogo wa mume wangu, akauliza kwa sauti ya utani, "Kaka, mbona umekaa? Na ng'ombe wa mtoto?"

"Ng'ombe yupo," mzee akasema. "Siku yake haijafika."

Ni mimi peke yangu niliyeelewa. Mtu yule hakuweza kusimama mbele ya ukoo wake aseme mtoto amekunywa wakati hakunywa. Na hakuweza kusema kwa nini bila kunivua nguo mbele ya watu. Kwa hiyo alikaa, akaubeba ule ubaya yeye. Niliinamisha kichwa. Nilikuwa natengeneza kofia ya mtoto, natengeneza, natengeneza, haikuwa na kasoro yoyote.

Tulipokuwa tunaagana alinisogelea kidogo kuliko alivyozoea. "Mtamleta tena," akaniambia kwa sauti ya chini. "Akinywa, nitasimama." Nikajibu, "Ndiyo, baba."

Kwenye kivuko mume wangu alisimama kwenye kingo, magugu maji yanapita chini, mtoto amelala begani kwake. "Kumbe hajanisamehe," akasema. "Watoto wa wenzangu wote, isipokuwa wangu. Mbele ya watu." Nilikuwa na sentensi moja tu ya kusema, maneno matano hayafiki. Nikamwambia atoke kwenye jua, mtoto ataungua.

Baada ya hapo hakurudi tena. Kiwanda hakikumwita, akafungua karakana yake mwenyewe, mambo yakakaa sawa kiasi, lakini nyumbani hakwenda. Kila kiangazi kilipokaribia kwisha zilikuja salamu kupitia mtu wa kivukoni: mzee anasema mleteni mtoto. "Ili amtie aibu mara ya pili?" mume wangu alikuwa akijibu. Na mimi nilikuwa jikoni, nasikia, nasema moyoni kesho nitamwambia. Nilikuwa na kesho nyingi sana. Alipata jina la kumwita baba yake, mchoyo, na alilitumia hata mbele ya mtoto, hata kwa mzaha, yule mchoyo wa ng'ambo. Mwaka wa nne mzee alikufa. Tulivuka kwenda kumzika, mume wangu hakutoa chozi, tukarudi kesho yake.

Nilimwambia mwaka jana tu. Sisi ni wazee sasa, tumestaafu wote, tunakaa Kiseke. Ilikuwa mchana, nachagua mchele barazani, yeye amemkalisha mjukuu wetu pembeni. Mtoto akamuuliza, "Babu, baba yako alikuwa mtu gani?" Akajibu bila hata kufikiri, "Mchoyo. Alimnyima baba yako ng'ombe." Mtoto akacheka akakimbilia ndani, na mimi nikaweka ungo chini nikasema yote. Minyaa, mbwa, ndama, yote, mpaka yale maneno ya mwisho ya mzee.

Hakupiga kelele. Ningependa angepiga kelele. Aliuliza, "Siku ngapi?" Nikamwambia sita. Akauliza, "Na alikuona kwa macho yake?" Nikamwambia ndiyo. Akapapasa magoti yake.

"Siku ya mazishi," akasema, "nilikuambia silii. Nilikuambia mtu huyu hakumtaka mwanangu, sasa nimlilie nini. Unakumbuka?"

"Nakumbuka."

"Wewe ulinijibu nini?"

Nilikuwa nakumbuka vizuri kabisa. Nilikuwa nimemshika mkono pale kaburini, namfariji, na nilimjibu, "Yaache tu, baba watoto. Mungu ndiye anayejua."